Maziwa ya Balozi

Juzi nilirudi mtaani kwetu Iftin kwa msiba wa Balozi, mdogo wake ayeyo, nyanya yangu. Redio ilikuwa ikimsifu tangu asubuhi: mbunge wetu baada ya uhuru, waziri msaidizi, kisha mwakilishi wa nchi ng'ambo. Kina mama wakaniomba niseme machache kumhusu. Ndugu yangu, nilikaa mkekani nikajikuta sijui nianzie wapi.

Balozi niliyemjua utotoni alishuka kwenye gari la serikali na mikebe ya halua. Alitupakata, akanifundisha kutaja mababu zangu mpaka nikaweza bila kukwama. Nilimpenda sana. Lakini huyo huyo, alipokuwa mbunge, askari walimchukua mume wa jirani yetu sokoni, naye Balozi hakufungua mdomo kumtetea. Mume yule hakurudi tena.

Sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa. Kila Balozi alipokuja nyumbani, jirani huyo, tuliyemwita eddo, yaani shangazi, ndiye aliyemletea maziwa ya ngamia. Alifukiza chombo kwa kijinga cha moto kwanza, na ule moshi ulikaa ulimini hadi adhuhuri. Siku hizi maziwa huja kwa mitungi ya plastiki, hayanukii chochote. Eddo alimmiminia mwenyewe, kisha akaketi kumtazama akinywa. Balozi alishukuru, akasimulia habari za theluji, sisi watoto tukacheka. Nilidhani wamesameheana. Nilipomuuliza ayeyo, alinituma kuni.

Pale msibani eddo alikuwa kando yangu, ameshazeeka, macho hayaoni vizuri. Nikamnong'oneza, "Eddo, ulimsamehe?"

"Nani aliomba msamaha?" akasema. "Mimi nilikuwa nangoja yeye aulize tu. 'Bwana yako alipatikana?' Neno moja hiyo. Wallahi, alikunywa maziwa yangu miaka yote na hakuuliza."

Kisha akaanza kulia, na sikujua analia kwa ajili ya mumewe au kwa ajili ya Balozi. Nadhani hata yeye hakujua.

Zamu yangu ikafika. Nilimwombea Balozi rehema, maana bado nampenda, kisha nikamtaja mume wa eddo kwa jina lake kamili. Wachache waliitikia amin, wengine wakainamia vikombe vyao vya chai. Eddo alinishika mkono, akaubana hadi ukauma. Mpaka sasa sijui kama alikuwa ananishukuru au ananizuia, na Balozi tumeshamzika.