Jicho la Pili la Ubaruku

Picha ile uliiona. Madaktari wamepanga mstari mbele ya bango, mwenyekiti mpya kashika shada la maua, na chini yake maneno kwamba Chama cha Madaktari wa Macho Nyanda za Juu kimepata uongozi mpya. Ukaitazama kidogo, ukafungua ukurasa wa mpira. Usikatae.

Pembeni kabisa ya picha hiyo kuna mwanamke wa kitenge cha njano, amebeba kipaza sauti kipya cha mkononi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake. Hukumwona. Basi leo utamwona.

Saa mbili asubuhi, Faustina Mgaya, mama wa miaka arobaini na nne, yuko kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa mpunga hapa Ubaruku, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya. Anageuza mpunga kwa miguu, akiburuta nyayo juu ya turubai mstari kwa mstari, ili jua liupate wote. Kazi hii ndiyo inayomlisha. Ile nyingine, ya uhudumu wa afya ngazi ya jamii, humpa fulana na maswali.

Leo swali limekuja na fimbo.

"Mama Goodness, kamwene."

"Kamwene, babu. Umefikaje peke yako?"

"Kwa jicho lenu," anajibu Anord Kyando, mkulima wa mpunga. "Hili mlilonipa. Jingine nimeliacha nyumbani limelala."

Wanawake wanaopepeta mchele kivulini wanaangua kicheko. Anord naye anacheka, kisha anakaa kwenye gunia la pumba kwa kulipapasa kwanza.

Mwaka jana alipasuliwa mtoto wa jicho, jicho la kulia, kwenye kambi ya bure ambayo chama hicho cha madaktari huifanya kila mwaka. La kushoto bado lina ukungu mweupe. Akimimina chai, inaishia mezani. Mwezi uliopita alikanyaga pembeni ya ubao wa kuvukia mfereji akatumbukia mpaka kifuani. Majirani walimtoa akiwa bado ameng'ang'ania jembe.

"Niambie, mwanangu. Wanakuja lini?"

Faustina anaendelea kuburuta miguu. Jibu analo tangu alipotoka mkutanoni Iringa. Mdomo wa kulitoa ndio hana.

Kambi hupasua jicho moja kwa kila mgonjwa. Sababu yake ni nzuri: kidonda kikiingia wadudu, jicho jingine liwe salama, na foleni nayo ni ndefu. La pili hungoja kambi ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo Faustina alipita kitongoji hadi kitongoji na kipaza sauti cha kuazima kanisani, akitangaza maneno aliyofundishwa na madaktari wenyewe: "Jicho moja mwaka huu, la pili mwakani!"

Watu waliogopa kisu. Bango hawakuliamini, walimwamini yeye.

Ambalo hakuna aliyemwambia ni hili: kambi humfuata mwenyekiti. Mwenyekiti akiwa wa Mbeya, mahema yanapigwa mkoa wa Mbeya. Uongozi ukihamia Iringa, mahema yanahamia Iringa. Kwenye katiba ya chama hakuna kifungu cha namna hiyo. Ilianza kama heshima ya kumpokea kiongozi mpya nyumbani kwao, heshima ikageuka sheria, na hakuna daktari aliyethubutu kuigusa.

Na usiseme ndiyo kwanza unasikia. Nenda Idodi, barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, ukamuulize Paskalina msuka vikapu. Alipasuliwa jicho moja enzi za mwenyekiti wa Iringa. Uongozi ukaenda Mbeya, mahema yakang'olewa. Hadi leo Paskalina anasuka akiwa amegeuza shingo upande. Magazeti yaliandika kwamba kambi ya Idodi ilifana. Ilifana kweli, kwa nusu ya kila uso.

Mkutano mkuu wa mwaka huu ulifanyika Iringa mjini. Ilisomwa ripoti ya shule zilizopimwa wanafunzi macho, ya miwani iliyogawiwa, ya madaktari vijana waliopelekwa masomoni. Kura zikapigwa. Dk. Lusekelo wa Mbeya akakabidhi uongozi kwa Dk. Shamsha, bingwa wa macho, mtoto wa wenye duka la vitambaa hapo hapo Iringa. Kambi ijayo ikatangazwa kuwa Kalenga, huko huko Iringa.

Kisha akaitwa mhamasishaji bora. Faustina, aliyealikwa kwa ajili hiyo tu, akapanda jukwaani. Dk. Shamsha akamkabidhi kipaza sauti na kumwomba, mbele ya wote, atangulie Kalenga kuwaita watu. Posho ipo, pa kulala papo. Makofi yakalia.

Faustina akakiwasha. Kikapiga yowe, ukumbi mzima ukaziba masikio.

"Samahani. Zawadi nimeipokea, asanteni. Kalenga nikawaambie nini?"

"Yale yale uliyowaambia Ubaruku," Dk. Shamsha alimjibu akitabasamu. "Si walikuja wengi?"

"Walikuja, daktari. Niliwaambia la pili mwakani. Mwakani yenyewe ndiyo hii. Sasa nikawaongopee na Wahehe?"

"Wahehe hawaongopewi, dada!" mmoja akadakia kutoka viti vya nyuma, na watu wakacheka.

Yeye hakucheka. "Nitaenda. Ila nitatangaza ukweli. Njooni, mtapasuliwa jicho moja, la pili mtajijua wenyewe."

"Ukitangaza hivyo hawatakuja," alisema Dk. Lusekelo.

"Na mimi ndivyo ninavyoona."

Akakizima kipaza sauti, akashuka jukwaani.

Dk. Shamsha alipoulizwa baadaye, hakukwepa. "Kalenga nao wana watu wasioona. Wao nao nikawaambie wangoje? Lenzi tulizonazo ni za kambi moja, na madaktari wanaacha hospitali zao kuja kujitolea."

Ni kweli, na Faustina habishi. "Sijasema wasiende Kalenga. Nasema wamalize walichoanza. Hata mashine hii hapa haikoboi gunia la mtu nusu ikarukia la mwenzake. Mwenye gunia angekubali?"

Mwenyekiti mpya amekubali kulipeleka jambo hilo kwenye kamati tendaji, inayokaa kwenye ofisi ya chama Mbeya Jumamosi hii. Pendekezo ni kambi ifanyike Kalenga kama ilivyopangwa, kisha madaktari watatu wabaki siku za ziada, waje Ubaruku na sehemu ya lenzi hizo hizo, kwa ajili ya macho ya pili tu. Mpaka habari hii inaandikwa, aliyejitolea ni mmoja, Dk. Lusekelo.

Kipaza sauti kipya kimetundikwa kwenye msumari mlangoni mwa mashine. Faustina hajakitumia tangu arudi.

"Unaninyamazia, mama," Anord anamwambia.

Faustina anasimama katikati ya mpunga. "Sijui kama wanakuja, babu. Kambi imepelekwa Kalenga."

Anord anasugua mpini wa fimbo yake.

"Ulisema mwakani."

"Nilisema. Ndiyo maana Jumamosi wakikaa Mbeya, mimi nitakuwa mlangoni kwao. Watanipita wakiingia, watanipita wakitoka."

"Peke yako?"

"Ndiyo."

"Hapana. Wakiona uso wako watasema huyu anaona vizuri, analalamikia nini? Waone huu wangu. Ila pale kwenye mfereji unishike mkono."

Basi Jumamosi watakuwa wawili mlangoni, mmoja kamshika mwenzake mkono. Wewe utakuwa wapi? Kama ni daktari wa macho, mpigie Dk. Shamsha leo, kabla hujalikunja gazeti hili, umwambie utabaki siku za ziada. Wanatafutwa wawili tu. Kama ni mkubwa wa hospitali, mpe daktari wako ruhusa leo hii. Kama huna cheo wala koti jeupe, miguu unayo: njoo Mbeya Jumamosi, usimame mlangoni nao. Ukurasa wa mpira utaukuta palepale Jumapili.