Vumbi la Faiba

Juzi pale Kamakis, kwenye hoteli ya nyama choma, nilikuta boti kuukuu ya faiba, ile plastiki ya nyuzi za kioo, imewekwa nje watoto wachezee. Niliegemea ukingo wake uliovunjika nikingoja chakula, na kabla sahani haijafika mikono ilikuwa inaniwasha vibaya.

Nilipokuwa mdogo Baba alikuwa seremala, nasi tulikaa Witeithie. Mzee mmoja wa Ngoingwa alimletea boti ndogo kama hiyo, viti vyake vya mbao vimeoza. Mchana ule Baba alikuwa ameving'oa vyote, akawa anapiga msasa ndani ili mbao mpya zishike. Gundi ilinukisha ua mzima kama rangi ya kucha. Alipochomoza, mweupe kwa vumbi hadi kwenye nyusi, nilimkimbilia kama kawaida.

“Usinishike! Kaa huko!”

Alikuwa hajawahi kunifokea. Mama akasema, “Wachana naye kwanza aoge,” lakini mimi nilishajua kwamba Baba hanitaki tena. Nilimnunia siku zote alizokuwa akikata katoni kupimia mbao, maana boti haina ukuta ulionyooka, na siku alizofunga viti vipya. “Kuja basi uketi ndani, imeisha,” aliniita. Sikwenda.

Wiki iliyofuata alianguka ghafla kazini, akafariki, tukamsafirisha nyumbani Kakamega. Shangazi aliniinua juu ya jeneza, akaniambia nimguse Baba nimuage.

Nilificha mikono nyuma. Alikuwa amenikataza kumshika.