Mama Gololi Anasubiri Sungura Ale

Haya alinisimulia mwenyewe Jumapili iliyopita mchana, miguu yake ikiwa kwenye beseni la maji ya moto, maana wiki nzima alikuwa amesimama. Yeye ni mhudumu kwenye kliniki ya wanyama, na mambo yenyewe ni ya Ijumaa.

Saa nane mchana. Mama Gololi amepiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha nyuma, pua yake karibu iguse wavu wa kizimba. Ndani yuko sungura dume wa kijivu aitwaye Bosi. Amehasiwa asubuhi, ameamka salama, na tangu aamke hajatia kitu mdomoni. Amejikunyata pembeni kama mtu aliyefiwa. Nyasi kavu ziko vilevile zilivyowekwa. Taulo alilokalia ni jeupe, safi kabisa.

Usafi huo ndio unaomtia wasiwasi.

"Mbwa asipokula leo, mwache, kesho atakula," anasema. "Sungura si mbwa. Tumbo lake lazima lizunguke mchana na usiku. Likisimama, hesabu saa tu, utampoteza. Kwa hiyo mimi sianzi na kidonda. Naanza na nyuma. Ametoa kitu, hajatoa?"

Hicho kitu ndicho kilichompa jina. Choo cha sungura mzima ni vidonge vya mviringo, vikavu, na yeye huvihesabu na kuviandika kwenye daftari. Wenzake wakimwona tu anatokea na trei, wanaanza: "Gololi ngapi leo, mama?" Mwanzoni alikuwa ananuna. Siku hizi anawajibu, "Arobaini na mbili. Wewe je?"

Aliingia hapo miaka kumi na mmoja iliyopita, kazi yake kufagia. Sungura wakati huo waliwekwa koridoni pamoja na mbwa, wakisikiliza kubweka kutwa nzima huku wanatetemeka. Yeye, kwa kupita pita na ufagio, ndiye aliyeona kwamba wale wanaokosa nafasi na kusukumiwa chumba cha ndoo ndio wanaokula mapema. Akamwambia daktari aliyekuwepo. Daktari akacheka, kisha akajaribu, kisha akaacha kucheka.

Tangu hapo sungura wakawa wake. Kwa miaka minne ya daftari lake amewauguza mia moja na arobaini waliopitia kisu. Sita walikufa. Ukimuuliza, anakutajia wote sita, mmoja mmoja, rangi zao na siku zao.

Mshahara bado ni ule ule wa mfagizi. Unalipa kodi ya vyumba viwili na kununua sabuni, basi; mumewe, fundi viatu, ndiye anayeusukuma mwezi hadi tarehe thelathini.

Mwenye Bosi ni mwoka mikate, mwanamume mpole wa miaka hamsini hivi anayeishi peke yake na kufanya kazi usiku. Alimnunua Bosi sokoni awe kitoweo. "Nikamshika, nikashika kisu, akanitazama," alimweleza Mama Gololi. "Nikarudisha kisu kabatini. Jioni ile nikala mkate mkavu." Baadaye akamtafutia jike. Jike akawa na tabia za kuamrisha, akaitwa Bimkubwa. Ndani ya mwaka mmoja wakazaliwa watoto thelathini na mmoja.

"Siku hizi majirani wakiniona na kikapu wanafunga milango, dada. Nikasema basi, huyu bwana akahasiwe."

Ijumaa hiyo alimleta akitokea kazini moja kwa moja, unga kwenye nyusi. Walipomwambia arudi jioni, alikataa. Akakaa kwenye benchi.

Saa nane na robo Mama Gololi alisikia sauti ndogo kutoka kizimbani, kama mtu anayekwangua sufuria kwa mbali. Bosi alikuwa anasaga meno. Mama Gololi akainuka, akaenda hadi mlango wa daktari, akagonga.

"Daktari, ana maumivu. Ile sindano ya asubuhi imeisha nguvu."

Daktari ni dada wa miaka thelathini na moja, mwenye haraka. "Una uhakika, mama?"

"Njoo usikilize mwenyewe."

Daktari akaja, akainama, akasikiliza, akapima tumbo kwa vidole, akamdunga dawa nyingine ya maumivu. Kusaga meno kukakoma. Mama Gololi akakoroga uji wa unga wa nyasi, akauvuta kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, akampenyezea Bosi pembeni mwa mdomo. Bosi akameza kidogo sana. Uliobaki aliupuliza wote kwenye koti la Mama Gololi.

"Asante, bwana mkubwa," akasema, akajifuta.

Saa tisa. Taulo jeupe vilevile.

Daktari akasimama mlangoni. "Mama, tunafunga saa kumi na moja, na hapa halali mtu. Ikifika saa hiyo hajala, nitampeleka mwenyewe hospitali kubwa ya wanyama. Ni mwendo wa saa tatu kwa gari. Kusema kweli, kwa hali hii, sijui kama atafika."

"Hataenda," Mama Gololi akajibu. "Atakula hapa hapa. Nipe muda."

Akaenda kwenye benchi. Mwoka mikate alikuwa hajalala, macho mekundu kama pilipili.

"Kaka, nyumbani Bosi anakula saa ngapi?"

"Bimkubwa akianza. Huyu hawezi kula kabla ya mke wake."

Mama Gololi akamkodolea macho. "Na huyo Bimkubwa yuko wapi?"

"Nimemwacha nyumbani apumzike. Yaani, nilitaka mgonjwa apumzike. Mimi nilipofanyiwa upasuaji wa ngiri, mke wangu wa zamani aliongea kitandani kwangu siku tatu. Niliomba wamtoe yeye au wanitoe mimi."

"Wewe uliomba. Bosi hajaomba. Kimbia kamlete."

"Sasa hivi?"

"Jana! Kaka, kimbia!"

Alikimbia. Saa tisa na nusu alirudi anahema, amebeba kreti ya mikate iliyofunikwa shuka. Ndani, Bimkubwa, mweupe, mnene, amekasirika.

Daktari alitaka wawekwe pamoja upesi. Mama Gololi akaweka mkono mbele ya kizimba. "Hapana, daktari. Wavu katikati. Kidonda bado kibichi, na huyu bado ana akiba mwilini. Tutamrudisha kaka na wengine wanane." Daktari akakubali kwa kichwa. Kweli, dume aliyehasiwa anaweza kupachika mimba kwa wiki kadhaa.

Bimkubwa alipowekwa upande wake alipiga mguu chini, pu! Akanusa wavu. Akanusa hewa ya dawa, akapiga mguu tena. Kisha, kama mtu aliyesema yote aliyotaka kusema, akageukia nyasi, akaanza kutafuna. Alitafuna kwa kelele.

Pua ya Bosi ikacheza.

Watu watatu walisimama bila kupumua. Bosi akasogea hatua moja, akapumzika. Akasogea nyingine, akafika kwenye wavu, akaegemeza ubavu wake hapo. Mama Gololi akaingiza mkono taratibu, akamsogezea jani la karoti. Bosi akalishika kwa meno. Jani likaanza kufupika.

"Anakula," mwoka mikate akanong'ona.

"Nyamaza. Bado."

Saa kumi na robo zikatoka gololi tatu, ndogo, ngumu kidogo. Mama Gololi akazichukua kwenye kiganja chenye glovu, akamwonyesha. Mwoka mikate alizitazama kama mtu aliyeonyeshwa mwanawe wodini. Daktari akapiga makofi mara moja, halafu akaona aibu.

"Kaka, sikiliza," Mama Gololi akaanza. "Taulo, si pumba za mbao, pumba zitaingia kidondani. Dawa asubuhi na jioni. Wavu katikati wiki sita, hata Bimkubwa akutukane. Na unahesabu. Zikipungua, unapiga simu."

Kisha akamgeukia daktari. "Na ile stoo ya magunia. Nataka iwe chumba cha sungura, mbali na mbwa, na kila mgonjwa aje na mwenzake."

"Andika, mama, niione."

"Nimeandika. Iko mezani kwako tangu mwezi wa tatu, chini ya kikombe."

Daktari akaenda kuitafuta. Karatasi ilikuwa na duara la chai katikati, lakini ilisomeka. Aliisoma amesimama. Seremala anakuja Jumatatu kupima rafu.

"Nitaanza na vizimba vinane," Mama Gololi anasema. "Halafu yule msichana mpya wa usafi nimfundishe. Ana macho mazuri. Mimi sitapiga magoti milele."

Ijumaa hiyo hiyo, saa tatu usiku, mumewe akiwa ameshaanza kukoroma, alimpigia mwoka mikate nyumbani. Usiku huo mwoka mikate alikuwa ameomba ruhusa kazini.

"Ngapi?"

"Kumi na tisa, dada. Na sasa hivi anakula, ameegemea wavu, na Bimkubwa upande wa pili ame..."

"Ame nini? Kaka?"

Simu ikaleta pumzi nzito, ndefu, ya mtu aliyepitiwa na usingizi, na nyuma yake, kwa mbali, mtafuno wa nyasi. Mama Gololi akasikiliza kidogo, akakata, akavuta shuka, akalala.