Tumbaku ya Mwenyekiti

Kikohozi cha Mama kilianza muda mrefu kabla ya habari za ruzuku kufika Ganda. Hakikuwa kikohozi cha kumlaza mtu. Kilimjia akiwa kwenye kinu, akitwanga tumbaku iliyokauka kuifanya ugoro, na vumbi lake la kahawia likimpanda usoni. Aligeuka pembeni, akakohoa, akatema mate, kisha akaushika mchi tena. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi nyumbani kungoja kazi, basi nilikuwa na nafasi tele ya kukisikiliza. Nilijiuliza kama cha leo ni kikavu kuliko cha jana, na kama ni kikavu, je, hiyo ni dalili njema au mbaya. Niliwahi kwenda mpaka zahanati kumuuliza muuguzi swali hilo, nikafika, nikasalimia, nikanunua dawa ya minyoo ambayo hakuna aliyeihitaji, nikarudi.

Shamba letu linateremka kuelekea Mto Sabaki. Watu wa mjini wakisikia tumbaku hufikiria mambo ya bara, mashamba makubwa na malori ya kampuni. Yetu ilikuwa kipande cha udongo wa mto, kitalu nyuma ya jiko, majani yaliyotungwa kwenye kamba chini ya makuti, na wazee waliokuja kununua ugoro wao kwa kijiko. Baba alifariki nikiwa mdogo, na kipande hicho ndicho kilichonisomesha. Kwa hiyo sikuona nina haki ya kumwambia Mama aache.

Aliyesema ni yeye mwenyewe. Tulikuwa tukichuma asubuhi, majani yangali na umande. Tumbaku mbichi ikikulowesha mikono hukupa kizunguzungu na kichefuchefu. Hilo tulilijua, na siku zote tuliketi kidogo kisha tukaendelea. Siku hiyo Mama aliketi katikati ya mistari na hakuinuka upesi.

"Nimeichoka hii," akasema. "Nikipata kitu kingine cha kuishughulisha mikono yangu, naiacha."

"Kitu gani?"

"Wewe ndiye uliyesoma. Mimi nimekwambia nimechoka tu."

Miezi michache baadaye chifu aliitisha baraza. Kulikuwa na mfuko unaotoa ruzuku kwa vikundi vya watu wa vijijini wanaotaka kuacha tumbaku. Wangepewa mbegu za simsim, mbuzi wa maziwa, na mashine ya kukamua mafuta. Kikundi kisipungue wakulima kumi na watano. Mama alirudi nyumbani akanitaka nimsomee karatasi ya tangazo. Nilipomaliza akasema, "Soma tena pale pa simsim." Nikasoma. Jioni hiyo alikwenda kuutazama mteremko wetu akiwa amefunga mikono kifuani, kama mtu anayepima mahali pa kujenga nyumba.

Tatizo lilikuwa moja. Pale kwetu nyumba zilizolima tumbaku zilikuwa nne.

Mkutano wa kwanza wa kikundi ulifanyika kwa mwenyekiti. Yeye ni jirani yetu wa upande wa barabara, mkulima wa mahindi na mihogo, na mzee wa kanisa ambaye kwa miaka mingi alimwambia Mama, kwa upole na bila kukoma, kwamba Mungu hakumuumba mtu na pua ili itiwe ugoro. Tulimchagua kwa sababu ana sauti na ana viti vya plastiki. Mimi nikafanywa katibu kabla sijaketi.

"Wenye tumbaku ni wangapi hapa?" akauliza.

"Wanne," nikasema.

"Basi sisi kumi na mmoja tupande."

"Tupande nini?" aliuliza jirani yetu mwingine, mwanamke ninayemwita mama mdogo, ambaye hutwanga pamoja na Mama akalipwa kwa ugoro wa kuuza.

"Tumbaku. Hawa watu wanatafuta wanaoacha tumbaku. Utaachaje kitu ambacho huna?"

Watu walicheka. Kicheko kilipokwisha niligundua kuwa hakuna aliyekuwa akitania.

"Na pasta akikukuta na hayo majani, mzee wa kanisa?" mama mdogo akauliza.

"Pasta ameniuliza kama kuna miche itakayobaki."

Kesho yake walianza kuja na mabeseni. Mama aliwang'olea miche mmoja mmoja, akiigonga udongo, akiwaeleza nafasi ya kuacha kati ya shina na shina. Mimi nilisimama mlangoni nikiyahesabu mabeseni. Walipoondoka nikamwambia kuwa huu ni udanganyifu, kwamba atakayekuja kukagua atautambua, na kwamba kikundi kizima kitakataliwa, yeye akiwemo, ambaye ndiye mwenye haki.

"Najua," akasema.

"Sasa mbona unawapa?"

"Nikiwanyima, kikundi kinavunjika leo, na wanne hatutoshi. Nikiwapa, labda kitavunjika mwezi ujao. Mwezi ujao ni mbali."

Siku zile nilifikiri mno. Nilikwenda Malindi mjini kuchapisha ombi letu, na njia nzima nilijiona nikisimama mbele ya hakimu, na kisha, nikishatoka jela, nikiomba kazi mahali pote na kuulizwa kama mimi si yule katibu wa Ganda. Halafu nilijiona nikikataa kuandika, na Mama akiendelea kutwanga mpaka siku ambayo hataweza. Nilizungusha mambo hayo mawili kichwani mpaka nikapita duka la kuchapisha bila kuliona. Mwishowe niliandika maneno ambayo ningeweza kuyatetea: kikundi kina wanachama kumi na watano, tumbaku inalimwa kijijini. Sikuandika nani analima nini.

Wakati huo mwenyekiti alikuwa amepanda miche yake nyuma ya nyumba, imebanana kama sukuma wiki. Mkewe, ambaye alikuwa amekwenda Kibarani kumtazama binti yao aliyejifungua, alirudi jioni moja, akaona majani mapana, mazuri, akachuma ya kutosha chungu. Alikuwa ameshakata vitunguu mume wake alipomkuta. Mama aliposimuliwa alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, na alipotulia akasema, "Angemwacha akapika. Angalau mmoja wao angeiacha kwa dhati."

Afisa wa mfuko alikuja siku ya joto, kwa pikipiki ya kukodi, mwanamke aliyenizidi miaka michache tu. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha haraka, lakini alimwamkia Mama shikamoo na akangoja aitikiwe kabla ya kutoa karatasi zake. Alisema nyumbani kwao pia walilima tumbaku, ile ya kukaushwa kwa moto, na kwamba akiwa mtoto alilala kwenye chumba kilichonuka moshi wake. Niliposikia hivyo nilijua tumekwisha.

Alitembea mashamba yote. Kwetu aligusa kamba, akatazama mikono ya Mama yenye utomvu mweusi usiotoka kwa sabuni, akaandika. Kwa mwenyekiti alisimama muda mrefu.

"Hii umelima tangu lini, mzee?"

"Ah, zamani. Tangu wazazi."

"Na mwaka jana uliuza wapi?"

"Hapa hapa. Watu wanakuja."

"Unaianikaje?"

Mwenyekiti aliyatazama majani yake kana kwamba yangemsaidia. "Juani," akasema, ilhali tumbaku yetu huanikwa kivulini.

Hakumbishia. Aliomba turudi kwetu sote, tukaketi kwenye viti vya plastiki vilivyobebwa kutoka kwa mwenyekiti. Ndipo akafunga faili lake na kunigeukia.

"Dada, wewe ndiye katibu. Nimeona miche mingi ya rika moja. Sitaki ugomvi. Niambie tu, mwaka jana nani hapa alikuwa anapata riziki yake kwa tumbaku?"

Kila mtu alinitazama. Nilipaswa kujibu, lakini akili yangu ilianza safari zake. Nikiwataja wanne, waliobaki watatuchukia, nasi tunaishi nao, tunachota maji nao. Nikiwataja kumi na watano, huyu ameshaona. Nikinyamaza, ni sawa na kusema. Nilifikiria hata kuzirai, na nikajiuliza kama mtu anaweza kuzirai kwa kukusudia na kama atagunduliwa.

"Mwambie," Mama akasema. "Mwenzio ana safari."

Nikaanza na wale wanne kwa sababu walikuwa rahisi. Kisha, kwa kuwa macho yangu yalimwangukia mama mdogo, nikasema kwamba huyu hana tumbaku shambani ila hutwanga na Mama tangu sijazaliwa, na kwamba anachopeleka sokoni ni hicho. Afisa akauliza, "Na mama yako akiacha, yeye atafanya nini?" Nikasema sijui. Mama mdogo akasema, "Nami sijui. Hakuna aliyewahi kuniuliza." Afisa akafungua tena faili.

Alisema kwamba kinachotazamwa na mfuko ni riziki, hata ya asiye na shamba. Basi nikaendelea, polepole. Yupo anayetuletea magadi ya kuchanganya na ugoro. Wapo watano wanaochuma kwetu kwa kibarua. Yupo mwenye baiskeli anayepeleka mzigo mjini. Nilipokuwa nikitaja nilishangaa jinsi kikohozi cha Mama kilivyolisha nyumba nyingi, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba akiacha peke yake atawaachisha na wengine bila kuwauliza.

Lakini haikutimia kumi na watano. Walibaki watatu ambao tumbaku yao ilikuwa ile ya mabeseni tu, na mmoja wao alikuwa amekaa mbele yangu, kwenye kiti chake mwenyewe.

"Na mwenyekiti?" afisa akauliza.

Sauti yangu ilitoka ndogo. "Mwenyekiti ana mahindi."

Mwenyekiti alijikuna goti. "Ni kweli," akasema mwishowe. "Mahindi na mihogo. Tumbaku nimeijua juzi." Kisha akaniangalia. "Katibu umenifuta mbele ya viti vyangu."

Watu walicheka kidogo. Yeye hakucheka.

Afisa alisema hawezi kuahidi kitu, idadi haijatosha, lakini ataandika alichokiona na wakubwa wake wataamua. Baada ya hapo mwenyekiti alikuwa akinipita njiani akisalimia mti. Nililichambua jambo hilo kila siku: kama ningesema kwa maneno mengine, kama ningeanza naye badala ya kumalizia naye. Mama hakulichambua. "Ulimwambia mtu ana mahindi," alisema. "Hilo si tusi."

Jibu lilipokuja lilikuwa nusu. Mbegu na mbuzi tulipewa, kila mmoja wa wale kumi na wawili. Mashine ya mafuta hatukupewa. Mama alipopata mfuko wake wa simsim aliung'oa mstari wa kwanza wa tumbaku siku iyo hiyo, ingawa ilikuwa imebaki wiki chache ikomae. Nilimsihi angoje auze hiyo ya mwisho. Aliniangalia kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa na hana nia ya kuufungua.

Mvua zilikuwa za wastani. Simsim iliota, ikachanua maua meupe, tukaikata na kuisimamisha uani kote katika mafungu ili ikauke. Hapo ndipo mwenyekiti alipokuja, mara ya kwanza tangu siku ile, akiwa amebeba mzigo wa majani chini ya kwapa. Hakuwa na moyo wa kung'oa kilichoota shambani mwake. Majani yalikuwa yamekomaa na sasa yalianza kuota ukungu, kwa sababu aliyalundika ndani.

"Mama katibu," akasema, "hii kitu inatungwaje?"

Mama alimwonyesha namna ya kupitisha kamba, na ukubwa wa nafasi ya kupitisha upepo. Alipomaliza, akamwambia, "Sasa wewe ndiye mkulima wa tumbaku. Ruzuku nyingine ikija, ni yako."

Mwenyekiti alicheka, safari hii kwelikweli, na akaniambia, "Katibu, uniandike mapema."

Simsim yetu ilikuwa bado haijauzwa. Mnunuzi wa Malindi alisema atakuja, hakuja, akasema tena. Sukari ilikwisha, tukanywa chai hivyo hivyo. Niliona Mama akikitazama kinu kilichoegeshwa ukutani na nikaanza upya hesabu zangu za hofu: kijiko kimoja tu cha ugoro, halafu kingine, halafu kitalu.

Asubuhi moja alikuja mzee kutoka upande wa Ganze, mteja wake wa siku nyingi, aliyetoka kwao alfajiri. Kulikuwa na mazungumzo ya mahari nyumbani kwake, na huko kwao hawafungui mazungumzo ya mahari bila tumbaku kuwekwa kati. Alimwambia Mama kwamba atalipa bei yoyote, kwa kuwa hakuna anayeisaga laini kama yeye. Nilikuwa nikipepeta nyuma ya nyumba, nikaacha kupepeta.

Nilimsikia Mama akivuta pumzi, na nikangoja kikohozi, lakini hakikuja.

"Mimi sina," akasema. "Nenda nyumba ile ya barabarani, yenye viti vya plastiki. Mwambie nimekutuma. Atakukaribisha, na atakuombea pia."

Mzee alishukuru, akaondoka. Mama alirudi nyuma ya nyumba, akachukua fungu la simsim, akaligeuza juu ya turubai na kulipiga taratibu kwa kiganja mpaka mbegu zikamwagika. Nikamuuliza kama mnunuzi asipokuja tutafanya nini.

"Tutakula simsim," akasema. "Leta fungu jingine."