Nyumba ya Kuazimana

Nidia hatulii. Hata kahawa huinywa amesimama, koti mwilini. Alitoka Loja, Ekwado, akavuna saladi Murcia, akatunza wazee Madrid, na sasa anasafisha nyumba za watu Brussels.

Wasafishaji wa mji huu, Walatino kwa Waafrika, wana desturi yao: anayesafiri humwazima mwenzake nyumba anayoisafisha, amshikie kazi. Akirudi hurudishiwa ufunguo, bila maneno. Mama yake alipofariki, Nidia alimwazima Zaituni, Mrundi wa Bujumbura, nyumba ya Madame Anne-Marie kule Ixelles. Nyumba hiyo ndiyo inayomlipia Nidia chumba chake Anderlecht.

"Huyu ni binamu yangu," alimwambia Madame.

Madame akautazama ushungi wa Zaituni, akautazama msalaba wa Nidia, akasema sawa.

Nidia aliporudi kutoka mazikoni, walikutana barabara ya Chaussée de Wavre, mbele ya duka la vitenge. Zaituni alitoa ufunguo kabla hajaombwa.

"Shika, binamu. Mais, lakini Madame amenizoea. Usije ukasema sikukwambia."

"Amekuzoeaje? Unampikia?"

"Sambusa, mara moja tu!"

"Ah bon! Na mimi miaka yote hii sijampa hata yai."

Zaituni bado anacheka, Nidia ameshaanza kutembea. Wakaenda pamoja kwa Madame. Madame alifungua mlango, akamkumbatia Nidia, akampa pole ya msiba, kisha akasema angependa Zaituni aendelee.

"Lakini Madame, nilimwazima tu."

"Nyumba ni yangu, Nidia. Mimi sikumwazima mtu."

"Mimi siwezi, Madame," Zaituni akadakia. "Kwetu huo ni wizi."

Madame akainua mabega. Basi angepigia kampuni ya usafi simu, wamletee mtu mwingine.

Kwenye ngazi, Nidia alisimama ghafla, akautia ufunguo kiganjani mwa Zaituni.

"Wenzetu watanisema, dada."

"Nani akuseme? Mwenye haki ya kusema ni mimi. Una watoto. Rudi juu kabla hajapiga simu."

"Na wewe?"

Nidia alikuwa ameshaweka simu sikioni. Akaishuka Chaussée d'Ixelles mbiombio, akiwapigia wenzake mmoja baada ya mwingine, kwa Kihispania, kwa Kifaransa, kwa Kireno cha kubahatisha, akiwauliza wote swali lile lile: nani anasafiri mwezi huu?