Bomba la Matope ya Bahari

Rosa Kiden, fundi cherehani wa mtaa wa Mvara, Arua, Uganda, haamini jambo upesi. Kule Yei, Sudan Kusini, waliambiwa vita havitafika. Yeye alifunga mzigo akavuka mpaka. Majirani walioamini hakuwaona tena. Kwa hiyo mumewe Moris aliporudi Arua kutoka kazini, pwani ya Tanzania, amekumbatia bomba la plastiki lililozibwa ncha zote mbili, Rosa alilikodolea macho.

"Hii iko nini?"

"Matope ya bahari. Usifungue."

Matope! Mtu abebe matope basi kwa basi mpaka Arua?

Shoga yake Zam, muuza vitenge kutoka Koboko, alishusha sauti. "Dada, hiyo iko dahabu. Mutu hawezi kuficha matope."

Moris alipokwenda Manibe kumsalimia mama yake, Rosa aliazima msumeno akalipasua bomba kwa urefu. Tope la kijivu, laini. Katikati, mkanda wa mchanga; ndani yake makombe ya chaza yaliyovunjika, mkaa, na kigae cha chungu.

Chungu chini ya bahari? Huyu bwana alifukua kaburi la nani?

Moris akamkuta amekaa mlangoni, kigae mkononi.

"Chungu iko ya nani?"

"Ya watu ya zamani, Mama Keji." Akachuchumaa mbele ya mkewe. "Sisi vibarua ya wasomi tulikuwa nashusha bomba chini ya bahari, kutoa matope. Matope inatulia pole pole, miaka mingi. Lakini hii mchanga ilikuja mara moja. Wasomi wanasema labda tsunami: wimbi ilipanda nchi kavu, ikarudi na vitu ya nyumba. Bomba hii ilipata ufa, hawakuitaka. Nikaomba."

"Na kama ilikuwa upepo mkali tu?"

"Hata wao wanashuku. Ndiyo maana wanachimba mahali mingi, kutafuta mchanga kama hiyo."

Jibu hilo lilimtuliza kuliko yote: nao hawakuamini upesi. Akakigeuza kigae; upande mmoja ulikuwa mweusi kwa moshi. Mtu alikuwa akipika.

"Kwa nini ulificha?"

"Nilikuambia siku ya kwanza."

Moris alipoitwa tena kazini, Rosa alimwachia Zam cherehani akapanda basi pamoja naye, akaione bahari kwa macho yake. Alipofika alisimama mbali na maji, akakataa katakata kulowesha hata kidole.