Barua ya Ng'ombe

Leo sokoni nimepewa barua ya kusafirisha mbuzi wangu, na karatasi yenyewe inanuka dawa ya kuogeshea mifugo. Harufu hiyo hunirudisha afisi ya chifu, ambako pia barua za mifugo zilitolewa, nikiwa msichana mdogo, nimeshika buibui la dada yangu aliyekuwa akitafuta kitambulisho. Babu zetu waliletwa Isiolo wakiwa askari wa mkoloni, kwa hivyo ilibidi dada apite kwanza mbele ya wazee wa vetting, waamue kama ni Mkenya. Walimtazama kuanzia viatu hadi meno.

"Baba ya babu yako, kaburi lake liko wapi?"

"Hilo sijui, mzee. La babu liko hapa, nyuma ya msikiti."

"Rudi mwezi ujao."

Jioni dada alitafuta neno hilo, vetting, katika kamusi kubwa ya Kiingereza. Iliandikwa kwamba lilitokana na kazi ya daktari wa mifugo, kumpima mnyama kama ni mzima. Akamsomea baba, ambaye kazi yake ilikuwa kusafirisha ng'ombe kwa lori.

Baba aliendelea kunywa chai yake.

"Ng'ombe hupata barua siku hiyo hiyo," akasema.